Nilivyopura Mpunga kwa Baiskeli ya Serikali

Niseme mapema tuyamalize: nilimwamkia mzee wa watu mara tano nikiwa nimekaa juu ya baiskeli. Mara tano! Nazunguka uwanja wake, kila nikimfikia nasema "Shikamoo babu," naye anaitika "Marahaba," napita, nazunguka, narudi tena, "Shikamoo babu." Mara ya sita sikumwamkia, maana nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mpunga wake, mdomo umejaa makapi, mguu mmoja umenasa kwenye gurudumu. Si kwamba kwetu sikufundishwa adabu. Mtoto wa Kizaramo anajua kabisa kuwa ukiwakuta wakubwa unashuka, unasimama, unapiga goti kidogo, ndipo unaamkia. Shida yangu ilikuwa moja. Kuendesha baiskeli nilijua. Kushuka sikujua.

Nyie mliokulia Kisarawe enzi za Mwingereza hamtashangaa. Msichana na baiskeli wapi na wapi? Sisi michezo yetu ilikuwa kombolela, rede ya mpira wa matambara, na kuteleza kwenye udongo mweupe wa kule Pugu mpaka gauni linarudi nyumbani limepata rangi yake lenyewe. Baiskeli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na moja alikuwa nayo mjomba wangu Kondo, tarishi wa boma. Haikuwa yake hasa. Ilikuwa ya Serikali, nyeusi, nzito kama kitanda, na kwenye bamba la nyuma imepakwa namba kwa rangi nyeupe. Mjomba akiiegemeza ukutani, watoto tunaizunguka kama imelazwa maiti, hatuigusi, tunaitazama tu.

Mimi nikaigusa. Mjomba hakuwa na mtoto, akanipenda kwa kukosa wa kumpenda, basi jioni akirudi ananipandisha. Miguu haifiki, napitisha mmoja chini ya lile bomba la katikati, naendesha nimejipinda kama ndoana. Yeye ananisukuma, nakwenda, nikirudi ananidaka. Kila siku ananidaka. Siku ya somo la kushuka haikufika. Shule nayo ilikuwa hivyo hivyo: niliingia darasa la tatu nikatokea mlango ule ule nilioingilia. Mpaka leo mambo mengi najua kuyaanza.

Na breki? Mjomba alizifungua zamani, alisema zinampunguzia mwendo. Yeye alisimama kwa kukandamiza gurudumu kwa soli ya kiatu. Mimi kiatu nilikiona miguuni mwa watu.

Sasa mjomba ndiye aliyenitia wazimu wa njia. Alikuwa anapeleka barua za boma mpaka Soga, kwenye stesheni ya reli, na siku nyingine anateremka mpaka kwenye bonde la Ruvu. Akirudi mimi namngoja na maji ya kunywa na maswali.

"Mjomba, Ruvu ukoje?"

"Mto."

"Mkubwa?"

"Wewe mtoto, mto ni mto. Una maji, una ng'ambo."

Ile ng'ambo ndiyo iliyoninyima usingizi. Mimi mto niliouzoea ulikuwa Mpiji, ambao nusu ya mwaka ni mchanga, unauvuka huku unaongea. Mto wenye ng'ambo usiyoweza kuirukia, watu wa upande ule wanakula nini? Wanatuona sisi kama nani? Maji yanatoka wapi yasiishe? Nikiuliza nyumbani mama anasema, "Tatu, chota maji, kunywa, acha kuyahoji."

Na nilikuwa na haraka. Mnaijua haraka yenyewe. Dada yangu Pili aliwekwa ndani alipokuwa mwali, akakaa mwaka mzima. Aliingia mweusi, goti lina kovu la kukimbia, akatoka laini kama muhogo uliomenywa, anatembea taratibu, akisikia lori anashtuka. Baada ya hapo harusi, baada ya harusi jiko. Zamu yangu ilikuwa mlangoni. Bibi alishaanza kunipima kwa macho, mama kila akinitazama anaguna. Nikajua kabisa: nisipouona Ruvu mwaka huu, nitausikia tu kwa wanaume.

Basi kipupwe cha mwaka ule mjomba akashikwa na homa. Kalala, kajifunika mablanketi mawili, anatetemeka mpaka kitanda kinaongea. Baiskeli iko nyuma ya jiko, haina kazi. Nikamwendea rafiki yangu Chausiku, mwenzangu wa nyumba ya tatu, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja lakini mdomo mkubwa kwangu kwa miaka kumi.

"Kesho tunakwenda Ruvu."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe na Serikali."

Tukaaga kwamba tunakwenda kukata kuni. Alfajiri ilipopambazuka tulikuwa tumeshalipita boma, lile jengo la Mjerumani lenye kuta nene. Nilikuwa napenda kujiuliza Mwingereza alipolikuta alifuta nini ukutani na aliacha nini. Bendera ilikuwa haijapandishwa bado, na sisi tukashukuru, maana ikipandishwa lazima usimame, na kusimama ndiko nilikokuwa sikujui.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Chausiku anashika baiskeli, mimi napanda, anasukuma, anakimbia, anarukia keria. Tukitaka kusimama anaruka chini, anaikamata keria, anarudi nayo nyuma kama anayemvuta mbuzi. Breki yangu ilikuwa Chausiku. Na breki ile ilikuwa inaongea njia nzima.

Jamani, ile njia! Ukitoka Kisarawe unateremka vilimani, ukungu umekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, unauingia, unapotea, unasikia tu cheni yako na jogoo wa watu usiowajua. Ukitoka upande wa pili nywele zimelowa. Halafu mikorosho, halafu mashamba ya mihogo, makopa yameanikwa juu ya mapaa, harufu yake kali inakupanda puani. Kwenye Mpiji tukashuka, yaani Chausiku akanishusha, tukaisukuma baiskeli kwenye mchanga. Wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani, wanachota maji kwa kifuu, taratibu, wanayangoja yajae tena. Tukala mihogo ya kuchemsha na kipande cha nazi. Hakuna gari lililopita. Kimya kile siku hizi hukipati hata ukifunga madirisha.

Kitu kimoja kilitushangaza. Kila tulipopita karibu na nyumba, wanaume walikuwa hawapo. Unaona kigoda kimeanguka, kiko cha tumbaku bado kinatoa moshi, mtu hakuna. Mara unaona mgongo unazama kichakani. Chausiku akasema, "Wanaume wa huku wana haya."

Soga tukakuta gangi la vibarua wa reli, Wanyamwezi, watani zetu. Mmoja akasimamisha nyundo hewani.

"He! Wazaramo leo mnapanda chuma! Nani kawafungulia kamba?"

Chausiku wangu hakungoja. "Chuma chetu, mtani. Nyie mlikuja na miguu toka Tabora, mpaka leo hamjapumzika!"

"Ukifa wewe, hiyo baiskeli naichukua siku ya msiba, naikalia mbele ya mama yako."

"Punguza ugali kwanza, utaivunja!"

Walicheka mpaka msimamizi wao akaja kuwatazama. Kisha hao hao wakaibeba baiskeli wakatuvusha relini, wakatuonyesha: fuateni njia hii, mkianza kusikia harufu ya tope, mmefika bondeni.

Harufu ya tope tuliisikia jua likiwa utosini. Na njia ikainama. Sijui niseme ilikuwa kali kiasi gani, maana sikupata nafasi ya kuipima. Chausiku alipoona vile akafanya kazi yake, akaruka, akaikamata keria. Keria ikamponyoka. Nikasikia nyuma yangu, "Tatu! Tatuuu! Shukaaa!" kama vile neno lile ningekuwa nalijua ningelingoja kuambiwa.

Mwisho wa mteremko kulikuwa na uwanja mkubwa wa duara, umetandikwa majamvi, mpunga umelazwa juu yake, vijana kama wanane wanaupura kwa fimbo, wanawake wanapepeta kando. Mbele ya nyumba amekaa mzee. Nikaingia na kengele inalia yenyewe kwa mitikisiko. Vijana wakaiona baiskeli, wakaiona ile namba nyeupe, wakatupa fimbo. Wanane wote walizama kwenye matete kama panya walioona taa, na hapo ndipo nikaelewa ile haya ya wanaume wa njiani. Walidhani tarishi kaja kwa ajili ya kodi.

Mzee hakukimbia. Alisimama, akavua kofia. Na mimi, nikiwa nimelelewa vizuri, nikasema, "Shikamoo babu!" nikampita.

Uwanja ule ulikuwa na nyumba huku na ua wa makuti kule, pa kutokea sipaoni, nikageuza. Nikapita juu ya majamvi, mpunga unaruka kama mvua. "Shikamoo babu!" "Marahaba." Nikazunguka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mzuieni!" Mwingine akasema, "Wa nini kumzuia? Si anatupuria?" Wakaanza kucheka. Mzee yeye hakucheka, aliitika tu, kila mara, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayengoja kusomewa shitaka. Mengine nimeshawaambia.

Waliponinyanyua mzee akaniambia, "Kodi nimelipa. Stakabadhi iko ndani, ngoja nikuletee."

"Sikujia kodi, babu."

"Umejia nini?"

"Nimekuja kuuona Ruvu."

Wanawake wakaangua kicheko wakaegemeana. "Kuuona? Umedondosha kitu humo?"

Asiyecheka alikuwa mke wa mzee, Bi Mwajuma, mwenye mpunga. Mwembamba, ameshika ungo, anatazama uwanja wake. Nikatazama na mimi. Mpunga niliokuwa nimeuzungukia wote ulikuwa umechanganyika na mchanga. Uliobaki haujapurwa. Akaniuliza, bila kugomba, jambo ambalo liliniuma kuliko kugombezwa:

"Mwanangu, unajua leo alasiri lori linakuja kuchukua huu mpunga? Likiukuta hauko kwenye magunia linapakia wa jirani, linaondoka. Na hawa vijana wangu wakishaiona hiyo namba hawarudi mpaka jua lizame. Sasa nani atapura?"

Akanipa ungo.

Nikapepeta. Goti linachuruzika damu, nimelifunga kitambaa, napepeta. Na mto ulikuwa pale! Nyuma ya majaruba ya mpunga ulisimama ukuta wa matete, na kutoka kule ubaridi ulikuja kwa vipande vipande, unanigusa shingo. Kila ukinigusa naugeukia. Bi Mwajuma aliniona.

"Huo mto una nini wewe?"

"Nakaribia kuwekwa ndani, bibi."

Ungo wake ukasimama. Akasema polepole, "Mimi nilikaa miaka miwili. Nilipotoka nilikuwa nimesahau njia ya kisimani." Akapepeta kidogo, akaacha tena. "Mikono ni michache, siwezi kuwaachia wawili. Mwenzio huyo anakuja. Akifika, mmoja wenu aende, mwingine abaki. Mchague wenyewe. Ila arudi kabla ya lori, maana hilo hilo ndilo litakalowarudisha kwenu."

Chausiku akafika kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, fungu la mihogo bado kalishika. Alipoelezwa hakufikiri hata kidogo. Akanipokonya ungo. "Nenda. Safari yako hii, mimi nilikuwa breki tu."

Nikaenda. Nikafika ukingoni mwa uwanja, pale majaruba yanapoanza, mguu mmoja tayari uko kwenye tope. Sijui nini kilinigeuza. Nikamwona yule mzee. Alikuwa amevua kanzu, ameiweka juu ya kigoda ikiwa imekunjwa vizuri, ameokota fimbo ya mmoja wa wale vijana, anapura. Peke yake. Anapiga mara mbili, anashika kiuno, anapiga tena. Mzee niliyemwamkia juu ya baiskeli akasimama kwa heshima, sasa anafanya kazi ya watu wanane kwa sababu mimi nilitaka kuona maji.

Nikarudi. Nikamwambia Chausiku, "Nenda wewe."

"Una wazimu? Tumetoka Kisarawe!"

"Nenda. Lakini uangalie vizuri. Angalia una upana gani. Maji rangi gani. Yana kelele au yamenyamaza. Ng'ambo kuna watu au hakuna, na kama wapo wanafanya nini. Angalia na..."

"Basi, basi! Nitasahau!" Akakimbia. Niliiona kanga yake nyekundu ikipungua kati ya majaruba mpaka matete yakaimeza.

Nikachukua fimbo, nikasimama mkabala na mzee, tukapura. Yeye anapiga, mimi napiga. Tukaenda hivyo mpaka jamvi lile likaisha. Ndipo akasema, "Marahaba." Sikuwa nimemwamkia.

Chausiku alirudi jua limeanza kulala, macho mekundu, anahema. Nikamshika mikono yote miwili. Akaniambia Ruvu ni mpana, mtu wa ng'ambo unamwona kama kidole. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, hayana kelele, yanakwenda kama wazee wanaotoka msikitini. Ndege weupe wamejipanga kwenye mti mmoja mpaka mti hauonekani. Na ng'ambo kulikuwa na mwanamke anafua, akampungia mkono.

"Akakupungia?"

"Akanipungia."

Lori likaja, likakuta magunia yamejaa, yameshonwa. Mzee aliipakia baiskeli mwenyewe. "Ukija tena," akasema, "uje umejifunza kushuka." Tukarudi tumekaa juu ya mpunga, lori likazunguka na barabara ya Morogoro kupitia Kibaha. Msidhani Kibaha hii yenye maofisi. Kibaha ile ilikuwa vibanda vichache na mwanamke mmoja anauza machungwa, dereva akisema tumefika Kibaha unauliza wapi. Magharibi tukawa nyumbani. Mama alikuwa mlangoni. Alitazama goti langu, akatazama baiskeli, akauliza jambo moja tu: "Kuni ziko wapi?"

Mvua za vuli hazijaanza, nikawekwa ndani. Nilikaa miezi kumi na mmoja. Mafunzo niliyopata siyaandiki hapa, wenyewe mnayajua, wasioyajua wasubiri zamu zao. Lakini alasiri Chausiku alikuwa anakuja, anakaa nje, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa udongo, na mimi ndani mgongo wangu upande huu. Namwuliza, "Mto ulikuwaje?" Ananihadithia. Kila siku namwuliza kitu kipya, na kila siku alikuwa na jibu. Kiboko aliyepiga miayo. Mtumbwi wenye mbuzi watatu. Yule mwanamke wa ng'ambo na kanga aliyovaa. Kile chumba kilikuwa kidogo na giza, lakini mimi nilikaa ukingoni mwa Ruvu miezi kumi na mmoja. Nilipotoka nilikuwa sishtuki hata kwa lori.

Siku hizi nakaa Kibaha, huku Sofu, na wajukuu wangu. Watoto wazuri, lakini hawaulizi! Wanataka kwenda dukani, hapo tu penye bati la bluu, wanaita bodaboda. Nikiwaambia tulitoka Kisarawe mpaka bondeni kwa baiskeli isiyo na breki wanasema, "Bibi, mngetumia ramani." Wakibonyeza simu Ruvu unatokea, wanautazama kidogo, wanatelezesha kidole, umeshapita. Ile njia ya ukungu nimeambiwa ina nyumba mfululizo. Baiskeli ikipita hakuna anayekimbilia kichakani, na hakuna anayesimama kuvua kofia. La kwanza nashukuru. La pili silijui, nalifikiria bado.

Mimi mwenyewe Ruvu niliuona nikiwa mama wa watoto wanne, ndani ya basi la Morogoro. Mtu akasema, "Ruvu huo," nikachungulia, tukawa tumeshavuka. Mto mwembamba, wa kahawia, umejipinda kama umepotea njia. Nikajisemea huu lazima ni mtoto wake, mwenyewe uko mbele. Nikakesha na dirisha mpaka Morogoro.

Jambo lile nililinyamazia miaka mingi, nikaja kulitoa juzi nilipokwenda Kisarawe kumjulia hali Chausiku. Anatembelea mkongojo, mdomo uko vile vile. Nikamwambia, "Shoga, nieleze. Mto ulioniambia wewe na niliouona mimi haufanani." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akanishika goti, lile lile lenye kovu, akasema:

"Tatu, mimi sikufika. Matete yalinizidi kimo, nikasikia kitu kimejitupa majini, pwaa, nikakimbia. Nikakaa kwenye jaruba nikalia. Nikakufikiria wewe uko kule unapura, nikaona siwezi kukurudia mikono mitupu. Sasa wewe kila siku uko nyuma ya ukuta unaniuliza una upana gani, una upana gani, ningefanyaje? Nikawa naupanua."